Nilivyomsifu Ng'ombe wa Bi Rehema

Leo nimeaibika mbele ya ng'ombe.

Naam, ng'ombe. (Wewe unayenyoosha shingo hapo barazani, subiri, tutafika.) Nimetoka Mbaraki sasa hivi, kwa miguu, kanzu imelowa mpaka magotini, na kila niliyepishana naye njiani nimemwinamia kichwa kama mwizi. Na sikuiba kitu. Laiti ningeiba! Mwizi hukimbia, yakaisha.

Habari ya posa yangu mnaijua. Mji mzima unaijua, maana shangazi yangu Mwanakombo hana siri. Wazee wangu walikwenda kumposa Mwanaisha. Wakapokewa vizuri, wakala halua, wakanywa kahawa, wakapewa jibu ambalo si jibu.

"Sisi hatuna neno," wakaambiwa. "Lakini bibi yake yuko shamba Mbaraki, na neno la mwisho ni lake. Yuataka kumwona kijana kwa mato yake mwenyewe."

Basi siku ikapangwa, na siku yenyewe ndiyo leo.

Mwanaisha mwenyewe nimemwona macho tu. Alikuja na mama yake dukani kwa ami, ninakofanya kazi, kununua leso, amejifunika gubigubi. Akaniambia nisimdanganye, rangi nyekundu ile itachuja. Nikaapa haichuji. Ilichuja. Tangu siku hiyo silali vizuri, na sababu si rangi.

Sasa, Mbaraki si mbali. Kisiwa ni hiki hiki kimoja. Lakini mnatujua sisi watu wa mjini: ukishaacha nyumba za mawe nyuma yako ukaingia minazini, umesafiri. Shangazi alinifungia mahamri kwenye kitambaa. Akanipa chupa ya maji. Akanisomea dua. Halafu akalia kidogo.

"Shangazi, nitarudi alasiri."

"Ndivyo alivyosema na marehemu mume wangu."

"Marehemu alikwenda Bara Hindi!"

"Safari ni safari," akasema, akapangusa macho. Kisha akanishika mkono, akanipa nasaha iliyonimaliza. "Yule wa kwanza aliyemposa Mwanaisha, wajua walimkatalia nini?"

"Sijui."

"Alifika huko shamba, akaketi, akatazama huku na huku, kisha akauliza, 'Hapa ndipo?' Basi! Bi Rehema akamrudisha mjini na kofia yake. Wewe, mwanangu, sifu. Kila utakachoonyeshwa, kisifu. Wale hawana kingine cha kujivunia ila hicho walicho nacho."

Kusifu! Mimi! Nilicheka peke yangu njiani. Kazi yangu ni nini dukani kwa ami kama si kusifu? Leso ambayo mwenyewe nisingeifungia mzigo wa makaa, nitaisifu mpaka mama wa watu aichukue na dada yake amchukulie. Nilijiona tayari nimeoa.

Na hapa sikilizeni, maana hapa ndipo nilipozikwa. Dukani hakuna anayesema mashaallah juu ya bidhaa. Mashaallah ni ya kitu unachotaka kimkae mwenyewe salama, kisipatwe na jicho la husuda. Muuza duka hataki leso imkae! Anataka iondoke leo, kabla panya hawajaiona. Kwa hiyo ulimi wangu umezoea kutoa sifa tupu, haina kinga mbele wala nyuma. (Ami yangu ni mtu wa swala tano, naye husifu hivyo hivyo. Nimerithi.)

Nilifika jua limeshapanda. Njiani nilipitwa na bwana mmoja wa sirkali amekaa ndani ya kile kigari chao cha reli, chini ya mwavuli, watu wawili wanamsukuma mbio. Nikamwonea huruma. Yeye alikuwa anakwenda kazini na mimi nilikuwa nakwenda kupewa mke. (Huruma hiyo nimeirudisha.)

Aliyenipokea ni Mjomba Shee, mtoto wa Bi Rehema, mjomba wake Mwanaisha. Mtu mpole kabisa, sauti haimtoki mpaka aombwe. Akanipeleka barazani kwa mama yake. Bi Rehema ni mwanamke mdogo, mkavu, ana tambuu shavuni, na anakutazama kama anayechagua mchele.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiwe Omari wa leso?"

"Ndimi, Bi."

"Wa rangi nyekundu?"

Nikarekebisha kofia. Akatafuna tambuu yake kidogo.

"Haya. Shee, mtembeze mgeni auone mji wetu. Halafu aje tule."

Mji wao! Nyumba za makuti, msikiti mdogo, kisima, minazi, mbuzi wawili watatu wanaokutazama kama umewadai. Lakini nilikuwa nimejiandaa. Tulianza na kisima. Wanawake walikuwa wanateka maji. Nikanywa kwenye kata, nikafumba macho, nikafumbua.

"Lo! Maji gani haya? Mjini sisi twanywa chumvi! Kisima kama hiki hakuna Mombasa nzima!"

"Mashaallah," akasema Mjomba Shee, upesi.

"Mashaallah! Mashaallah!" wakasema wanawake wote kwa pamoja.

Nikavimba kichwa. Nikasema moyoni, wananiitikia! Sijamaliza hata kituo cha kwanza, wananiitikia kama kwenye maulidi. Hapo hapo kamba ikakatika. Ndoo ikatumbukia kisimani, tukaisikia ikigonga huku na huku mpaka chini.

Mjomba Shee akatazama kamba. Akanitazama mimi.

"Kamba kuukuu," akasema polepole.

"Kuukuu kabisa," nikakubali. Tukaenda zetu.

Mbele kidogo akapita kuku na vifaranga wake. Nikasimama, nikashika kiuno.

"Mjomba, hawa ni vifaranga ama ni bata? Walivyonona! Na walivyo wengi! Kuku huyu yuwajua kazi yake!"

"Mashaallah!" akasema Mjomba Shee, kwa sauti ambayo sikudhani anayo.

Mwewe alikuja kutoka wapi, sijui. Sikumwita mimi. Nilisikia upepo juu ya kofia yangu, nikaona mbawa, na kifaranga mmoja akaenda zake mbinguni huku analia. Mwenye kuku alitoka mlangoni, akanitazama kwa muda, akawakusanya waliobaki ndani ya leso yake, akaingia nao nyumbani.

Tulipofika kwenye mnazi wa jirani, mnazi mfupi, umebeba madafu mpaka unaonewa huruma, Mjomba Shee aliharakisha mwendo. Nikamshika mkono, nikamsimamisha. (Mimi mwenyewe! Kwa mkono wangu!)

"Mjomba, ngoja niutazame. Mnazi huu ni mama wa minazi!"

"Mashaallah, mashaallah, mashaallah," akasema, kama mtu anayeziba tundu la mtumbwi.

Dafu moja likaanguka. Lingeweza kuanguka popote, Mbaraki ina uwanja mpana. Likaangukia chungu cha uji cha mama mmoja aliyekuwa ameinama anapuliza moto.

Kuanzia hapo nikaanza kuona mambo. Milango ilikuwa inafungwa kabla hatujafika. Mama mmoja alimtoa mbuzi wake njiani, akamfunika kichwa kwa gunia. Nikasema moyoni, wanawake wa heshima hawa, wamesikia kuna mgeni wa kiume. Mwingine hakuwahi kukimbia. Alikuwa amempakata mtoto mnene, mashavu mpaka yanafunika macho. Nilipofungua mdomo tu, akachukua masizi ya sufuria akampaka mtoto paji la uso, puani, na mashavu yote mawili.

Nilishtuka. Neno lililonitoka likawa, "Eh, mtoto mchafu huyu!"

Yule mama akatabasamu mpaka jino la mwisho. "Ahsante, mwanangu," akasema. "Mungu akuweke." Nikaenda najiuliza ni adabu gani za shamba hizi.

Mjomba Shee alikuwa anatoka jasho. Akasimama, akafikiri, kisha uso wake ukatulia.

"Twende mnarani," akasema. "Ule ni mawe."

Sikumwelewa, lakini niliwahi kuusikia mnara wa Mbaraki kama mlivyousikia nyinyi. Umesimama kando ya bahari peke yake, mnene, mrefu, na ndani watu huweka ubani na marashi kwa haja zao. Nikauzunguka. Nikaugonga kwa kiganja kama ninavyogonga jora la kitambaa.

"Waliojenga hapa walikuwa watu! Huu hauanguki mpaka kiama!"

Tak. Kijiwe kimoja kikadondoka kutoka juu, kidogo kama mbegu ya ubuyu, kikaanguka kati ya miguu yetu. Mjomba Shee alikiokota. Akakitazama sana. Akakirudisha chini taratibu, kama anayelaza mtoto. Hakusema mashaallah tena, alikuwa amechoka.

Kutoka pale unaona maji ya Kilindini, na meli imetia nanga. Nikaisifu na meli. Nashukuru haikuzama. Ingezama, leo ningekuwa mikononi mwa sirkali na nyinyi mngekuwa mnaniletea chakula.

Tukarudi kwa Bi Rehema. Nilikuwa na furaha, wallahi. Nilikuwa nimesifu kila kitu na watu wote wamenipazia sauti. Nikamkuta amechutama ubavuni pa ng'ombe wake, anamkamulia mgeni maziwa ya moto.

Ng'ombe yule nyinyi mnamjua bila ya kumjua. Maziwa yake huja mjini kila asubuhi, na nusu ya chai ya mtaa huu ni yeye. Kwa Bi Rehema yule si mnyama, ni mtoto wa mwisho. Watu wa pale walikuwa wamekusanyika, wengi, wamesimama kando kimya. Nikadhani wamekuja kumuaga mgeni. Nikaona hapa ndipo pa kumalizia kazi. Nikasafisha koo.

"Bi Rehema! Huyu si ng'ombe, ni hazina! Mtazame alivyojaa! Na kiwele hiki! Wallahi ukimpa mtu achague kati ya nyumba ya ghorofa na kiwele hiki, atachagua kiwele!"

Safari hii hakuna aliyewahi. Nilimwona Mjomba Shee amefungua mdomo, lakini hakikutoka kitu.

Maziwa yakakoma. Tone la mwisho lilining'inia, likaanguka, basi. Ng'ombe akapiga teke kibuyu, kikaenda kule. Akapiga magoti. Akalala. Ndama akaletwa, akamgeuzia uso.

Bi Rehema akainuka taratibu, akijifuta mikono kwenye leso.

"Shee. Huko mlikopita kumetokea nini?"

Mjomba Shee akamsogelea sikio. Nilimwona anahesabu kwa vidole: kidole cha kamba, kidole cha kifaranga, kidole cha dafu. Kwenye kidole cha nne Bi Rehema akaruka.

"Mpaka mnara?!"

Halafu akanigeukia, na sijapata kuona mtu mzima akibadilika sura upesi vile. Alikuwa asali.

"Mwanangu, jua kali leo. Umetoka mbali. Unawe."

Likaletwa beseni la shaba, zito, la kutoa siku ya arusi. Mjomba Shee mwenyewe akanimiminia maji kwa birika. Nikanawa mikono.

"Na viwiko," akasema Bi Rehema.

Nikanawa viwiko.

"Na uso. Sukutua na mdomo. Tema humu humu, usione haya."

Nikatema humu humu.

"Na miguu. Sugua vidole kimoja kimoja, hasa hicho kikubwa."

Nikasema moyoni, kweli mjini hatujui kumkaribisha mgeni! Tunampa kahawa tu tunamwacha na vumbi lake! Nikasema na kwa sauti, "Bi, hishima hii ni kubwa."

"Kubwa sana, mwanangu," akasema.

Akalichukua lile beseni kwa mikono miwili. Akanipita. Akasema bismillahi, akammwagia ng'ombe kuanzia pembe mpaka mkia.

Ndugu zangu, hapa hakuna asiyejua maji hayo ni ya nini. Hunawishwa mtu mwenye husuda, kisha akamwagiwa aliyehusudiwa. Mimi nilikuwa najua tangu utotoni. Nilichokuwa sijui ni kwamba mwenye husuda ni mimi! Na ghafula zile mashaallah zote nilizopigiwa tangu asubuhi zikanirudia kichwani, moja baada ya moja, na nikazielewa.

Nikaomba. Niliomba kwa moyo wangu wote, watu wote wananitazama, Ya Rabbi, ng'ombe huyu asiinuke. Akilala hivyo hivyo, basi ni ugonjwa wake tu, na mimi natoka msafi. Augue, Ya Rabbi. Siku mbili tatu tu.

(Ndiyo. Niliombea ng'ombe wa mkwe ugonjwa. Kama sikuwa na husuda asubuhi, adhuhuri nilikuwa nayo.)

Ng'ombe akainuka. Akajitikisa, maji yakanirudia mimi kwenye kanzu. Akamlamba ndama. Bi Rehema akachutama, akashika, na maziwa yakatoka kwa kishindo mpaka kibuyu kikafurika na povu likamwagika chini. Wanawake wakapiga vigelegele! Vigelegele ambavyo nimekuwa nikiviota kwa ajili ya siku ya arusi yangu nimepigiwa leo, kwa kuthibitika kuwa mimi ni balaa.

"Bi, wallahi sina husuda!" nikapiga kelele. "Mimi ni muuza duka!"

(Utetezi gani huo? Hata ng'ombe aliniangalia.)

Nikamweleza. Habari ya leso, na ami, na ulimi uliozoea kusifu kitu kiondoke. Bi Rehema akasikiliza mpaka mwisho. Hakuwa na hasira. Nafikiri alikuwa ameanza kunionea huruma.

"Moyo wako naona ni safi," akasema. "Ulimi ndio haukufungwa. Sasa nisikilize. Hapa kwangu usisifu tena. Kila nitakachokuuliza, kitie ila. Kitoe kombo. Mpaka ulimi uzoee."

"Hata nikitanguliza mashaallah, Bi?"

"Hata. Siuamini bado."

Tukaingia barazani kula. Majirani nao wakajisogeza, maana sasa nilikuwa tamasha. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, harufu mpaka unataka kulia. Bi Rehema akaniangalia.

"Wali waonaje?"

"Mbaya, Bi. Ningekuwa kuku ningesusa."

Barazani wakaguna kwa raha. Bi Rehema akatikisa kichwa kuniambia niendelee.

"Na samaki?"

"Huyu alikufa kwa aibu, hakuvuliwa."

Wakacheka. Mjomba Shee alicheka! Mtu aliyekuwa hana rangi tangu asubuhi.

"Na nyumba yangu?"

"Nilipoiona nilidhani ni ya mbuzi, Bi. Nikataka kuuliza watu wanaishi wapi."

Wakaanguka. Jamaa, nilikuwa nimerudi kazini! Kumbe kukashifu ni kusifu kule kule, unageuza jora tu. Bi Rehema alicheka mpaka akaitoa tambuu mdomoni. Akampiga mwanawe begani.

"Shee, huyu yuafundishika!"

Nikala kwa amani kwa mara ya kwanza. Nyuma ya pazia la mlango wa uani nilisikia watu wanaingia, nyayo, mnong'ono, sahani inawekwa chini. Nikadhani ni majirani wengine wamekuja kusikia. Bi Rehema akanawa mkono. Akanisogelea kidogo, na sauti yake ikawa ndogo, ya haja.

"Na mjukuu wangu? Umepata kumwona?"

"Mato tu, Bi. Dukani."

"Ehe. Yakoje?"

Baraza nzima ikanisogelea.

Nilitaka kusema kweli. Nilitaka kumwambia kwamba tangu niyaone macho yale nimekuwa nikiwapa wateja leso zisizolingana, kipande hiki cha jozi hii na kipande kile cha jozi ile, na ami ameanza kunipeleka kwa waganga. Ningeweza kuyasifu mpaka usiku. Lakini nilimwogopea. Kama dafu limeanguka kwa neno langu, na jiwe la mnara limeanguka kwa neno langu, macho yale je? Nikajiambia, Omari, kama unampenda mtoto wa watu, yatie ila. Yatie ila nyingi.

"Ya kawaida, Bi," nikasema kwa sauti, kila mtu asikie. "Makubwa kupita kiasi, kama ya mtu aliyeshtuliwa usingizini. Na jito moja lakutazama wewe, la pili lamtafuta mwenziwe lilipo."

Paa lilitaka kuruka kwa vicheko. Bi Rehema akapiga mkeka kwa kiganja.

"Shee! Kamwambie shangazi wa kijana nimekubali! Mjukuu wangu nimempata mtu wa kumlinda!"

Nimekubaliwa! Mimi! Moyo ulinijaa mpaka tonge likakataa kushuka. Nilikuwa mume wa Mwanaisha, jamaa zangu. Nilikuwa mume wa Mwanaisha kwa muda wa kumeza tonge lile.

Kisha nyuma ya pazia ikatoka sauti. Sauti ile ile iliyoniambia rangi itachuja.

"Jito lipi?"

Bi Rehema alishika kichwa.

"Ole wangu! Si mliambiwa mje alasiri?"

Mpango ulikuwa wake mwenyewe. Alimwita Mwanaisha na mama yake kutoka mjini waje wakae nyuma ya pazia, ili msichana anisikie ninavyomsema, kisha aseme mwenyewe kama ananitaka. Ilikuwa waje alasiri. Wamekuja mapema, wakapitia uani. Hawakukuta kamba, hawakumkuta mwewe, hawakukuta maji wala beseni. Waliketi, wakatulia, na kitu cha kwanza walichokisikia ni hicho.

Nikaruka kwenye mkeka, mkono una wali, nikalikimbilia pazia. Nilikuwa na neno moja tu la kujiokoa, na nililichagua vibaya.

"Mwanaisha! Nimesema vile kwa ajili ya ng'ombe!"

Halafu sauti ya mama yake, polepole.

"Mwanangu yuafananishwa na ng'ombe?"

"La, mama! Ng'ombe nilimsifu!"

Mlango wa uani ukabamizwa mpaka vumbi la makuti likatuangukia kwenye wali. Nikabaki nimesimama. Bi Rehema alikuwa ameshaingia ndani mbio kuwaeleza, na nilizisikia sauti zao zote kwa pamoja, isipokuwa moja.

Mjomba Shee ndiye aliyenisindikiza mpaka minazini. Aliniacha nisubiri, akarudi uani, akakaa, akakaa, kisha akaja.

"Nimemweleza yote," akasema. "Kamba, mwewe, beseni, yote."

"Amesemaje?"

"Ameelewa."

"Alhamdulillahi!"

"'Ya kawaida' amekusamehe. 'Makubwa kupita kiasi' amekusamehe pia, amecheka kidogo." Akasita. "Lakini lile la jito, yuasema, mtu halibuni hivi hivi. Lazima uliona kitu. Yuasema hatajibu posa, ndiyo wala la, mpaka umwambie ni lipi."

"Lakini sikuona kitu, Mjomba! Ni mazuri yote mawili, mashaallah!" (Sasa ndiyo imenitoka! Sasa! Minazini, hakuna mtu!)

"Nimemwambia. Yuasema hivyo ndivyo asemavyo muuza leso."

"Na jibu yualitaka lini?"

"Kesho, baada ya alasiri."

Nikamshika mkono. "Mjomba, wewe umemlea. Umemtazama tangu mchanga. Nisaidie. Yana kasoro yoyote yale?"

Mjomba Shee akafumba jicho moja, akalifumbua, akafumba la pili.

"Sikupata kuona kitu," akasema. "Mpaka leo uliposema. Sasa nami nimeanza kushuku."

Basi ndiyo hali. Nikisema sikuona, mimi ni mwongo wa rangi nyekundu. Nikitaja moja, nimemtoa kasoro mchumba wangu mbele ya ukoo mzima, na atajitazama kwenye kioo maisha yake yote akinilaani. Shangazi nimemkuta mlangoni ananiuliza kama watu wa shamba walifurahi, nikampita. Nimekuja kwenu moja kwa moja. Nyinyi mmeoa, mnajua mambo haya. Niambieni kabla sijapandwa na wazimu: niseme la kulia, ama niseme la kushoto? Na mtu asicheke.